Fungu la Kumi na Tano

Jumatatu ile, Shangazi alipomaliza kukunja nguo, fungu moja lilizidi.

Nyumba ilikuwa ya madobi tangu ukuta wake wa kwanza uliposimama. Siku sita za wiki walifua, wakaanika na kupiga pasi nguo za watu. Jumatatu walifua zao wenyewe, na Shangazi akazikunja juu ya meza ndefu, kila mtu fungu lake. Watu kumi na wanne, mafungu kumi na manne. Shangazi hakuwahi kuolewa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kuona nguo za ndani za wanaume wote wa mtaa na hakuna kilichomshawishi.

Fungu la kumi na tano lilikuwa shati moja tu. Jeupe, refu la kumfika mtu magotini, la mtindo wa zamani, na kiraka kwenye kiwiko. Nguo nyingine zote zilikuwa zimetoka kambani na ubaridi wa upepo. Hili lilikuwa na joto, joto la nguo iliyovuliwa mwilini sasa hivi. Tena lilinuka kidogo, kama kitambaa kinachoanza kuungua chini ya pasi.

"Mkwe!" aliita.

"Naam, Shangazi!" Fundi Redio aliitika kutoka chumbani, akaja na bisibisi nyuma ya sikio. Alikuwa amemuoa Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Hili lako?"

"Shangazi, hilo hata babu yangu angeona aibu kulivaa."

"Kwa masikio hayo uliyorithi, babu yako alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuonea aibu."

Kisha Shangazi akageuza ukosi, na mzaha ukamkauka mdomoni. Ndani ya ukosi palikuwa na alama yao.

Kila mteja wa nyumba ile alikuwa na alama yake, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya nguo, ili mashati mia ya watu mia yarudi kwa wenyewe. Na ukoo ulikuwa na yake: mishono mitatu iliyosimama na mmoja uliolala juu yake kama paa. Aliyeishona alikuwa Bibi, mamake Shangazi, peke yake. Aliishona kwenye nguo ya kwanza ya kila aliyezaliwa humo, na kwenye nguo ya kila aliyeoa au kuolewa humo. Ukishashonewa, wewe ni wao: ukiugua wanakuja kumi na watatu, ukikoroma wanalalamika kumi na watatu. Fundi Redio alidhani ni utani wa harusi, mpaka asubuhi yake alipomkuta Baba Mkubwa amevaa suruali ya bwana arusi, bila wasiwasi wowote, anaulizia mkanda.

Na walijisifu kwa jambo moja. Katika miaka sitini hawakupoteza nguo ya mtu wala kuunguza hata kola. Msimuliaji wa haya amezunguka kwingi, na madobi wamempotezea soksi katika miji ambayo mpaka leo hawezi kuitamka. Lakini suruali alizopeleka pale kwa miaka kumi zilirudi zote, tena safi kuliko nia yake.

"Limepotea njia," alisema Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, mkuu wa pasi. "Liweke kabatini. Mwenyewe atakuja."

Akalifungia. Jumatatu iliyofuata shati lilikuwa kambani, limelowa, na kabati lilikuwa bado limefungwa. Alama ileile, kiraka kilekile, ila sasa lingemfika mtu kiunoni.

"Pamba hunywea," Baba Mkubwa alisema.

"Hunywea kwa maji. Hili limekaa kavu wiki nzima. Limenywea kwa nini, kwa mawazo?"

Wakalifungia tena.

Jumatatu ya tatu lilimtosha kijana. Ya tano, mtoto wa miaka kumi. Shangazi aliacha kulionyesha. Alilipima kwa shubiri huku ameupa ukuta mgongo, kisha macho yake yakaenda yenyewe hadi dirishani, ambako Kitinda alikuwa akitembea taratibu uani, mkono kiunoni, tumbo mbele. Kila wiki tumbo liliongezeka kadiri shati lilivyopungua.

Kisha zikaja nyayo. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na kamba zimejaa shuka, sakafu ya saruji ilipata alama za maji za miguu mitupu, zilizoanzia katikati ya ua, mahali ambapo mtu hawezi kuanzia kutembea, zikapita chini ya kamba na kuishia mlangoni kwa Kitinda. Mwanzoni zilikuwa za mtu mzima. Zikapungua pamoja na shati.

Na ikaja sauti.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja kubwa: ukiitwa, uitike. Hata kama uko chooni. Hasa kama uko chooni, maana kuna mwingine anasubiri. Hivyo sauti ilipoita kutoka chumba cha pasi, "Shangazi!", Shangazi aliitika, "Abee!", akaenda, akakuta chumba kitupu na ile harufu ya kitambaa kinachoungua, na pasi zote za mkaa zimepoa. Ilipomwita Baba Mkubwa aliitika naam. Ilimwita Mama, mamake Kitinda, mwanamke mpole aliyekuwa akitia wanja na dawa ya kufulia kwa mkono uleule bila kukosea, naye akaitika abee huku anakausha vidole. Walipokuja kuulizana, walikuta wote kumi na wanne wamekwisha kuitwa, na wote wamekwisha kuitika.

Wiki ya saba Shangazi alichoka. Alilichukua shati, la mtoto wa miaka mitano sasa, akalisukuma ndani ya moto chini ya pipa la maji.

Kitinda akapiga yowe chumbani.

Walimkuta sakafuni ameshika tumbo, na ngozi ya tumbo imekuwa nyekundu kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mama akapiga kelele, "Litoeni! Litoeni hilo shati!" na Shangazi akatia mkono wake mwenyewe motoni. Mkono ulitoka na malengelenge. Shati lilitoka jeupe.

Jioni ile walimzunguka Bibi. Umri wake haukujulikana. Waliojaribu kuukokotoa walikufa kabla ya jibu. Kumbukumbu yake ilikuwa ikienda na kurudi kama mpangaji asiye na ufunguo. Mama alimwekea shati mapajani. Vidole vya Bibi vilipofika kwenye ukosi vilitulia, na uso ukamkunjuka.

"Ah," alisema. "Amekuwa mdogo hivi?"

"Nani, Mama?" aliuliza Baba Mkubwa, kwa sauti ya chini. "Ni nani huyo?"

"Yule wa mchana. Nilipokuwa bibi arusi alikuja dirishani na shati hili moja. Nikalifua. Hakuja kulichukua. Kesho yake namwona amesimama chini ya kamba, jua la utosini, hana kivuli. Nikamuuliza, wewe wa nani? Akasema hana mtu." Bibi alilikunja shati vizuri, kama linavyotakiwa. "Nguo bila alama hupotea, mwanangu. Nikamwekea alama yetu. Alikuwa na adabu. Kila nguo iliyotaka kupotea aliirudisha. Kila pasi iliyotaka kuunguza aliinyanyua."

Sifa zao zote za miaka sitini zilikuwa zimekaa pale mapajani mwa kikongwe.

"Na sasa anataka nini?" Fundi Redio alinong'ona.

Bibi alimtazama kama mtu aliyeuliza maji yana nini. "Kasimama uani muda wote huo, amewaona nyote mnazaliwa. Na yeye anataka zamu yake."

Mganga walimjua; walimfulia suti yake ya kijivu kila mwezi na kukung'uta majivu mifukoni. Alikuja mchana na mkoba, akakaa peke yake uani kwa saa moja, akarudi ndani akiwa amelowa jasho na hakufungua mkoba.

"Mimi namtoa mgeni," alisema. "Nimemwambia, toka, wewe mgeni. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba mgeni ni mimi. Akanitajia marehemu wenu wote kwa zamu, na alichougua kila mmoja. Nimwambie aende wapi? Yuko kwao."

"Mtoto wangu je?" Kitinda aliuliza. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono wa mumewe chini ya shavu. "Nataka mtoto wangu tu, Mzee. Huyo mwingine sina ugomvi naye. Huyu aliye humu, anayenipiga teke nikila ndizi, huyu nitampata?"

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa tai ambayo wao wenyewe walikuwa wameinyoosha.

"Mlango ni mmoja, binti. Akipita yeye, wako atabaki nje."

Kisha akasema dawa pekee aliyoijua, tena bila kuipenda. Huyo hakuwa na nguvu ya kwake. Nguvu yake ilikuwa undugu wao. Basi undugu ukome. Wafumue alama kutoka kila nguo. Na kuanzia siku hiyo hadi mtoto alie kilio chake cha kwanza, pasiwe na mtu humo ndani wa kumwita mwenzake kwa undugu, wala wa kuitikia. Wasile pamoja. Wasiulizane hali. "Mkiwa si ukoo, atakosa pa kuzaliwa. Lakini akiitikiwa mmoja tu, hata mara moja, mmekwisha kuwa ndugu tena, na yeye yumo."

Mkunga wa jirani alikuwa amesema zimebaki siku saba. Siku saba, wakawaza. Tumewahi kununiana wiki tatu kwa sababu ya ndoo.

Usiku kucha walifumua. Wembe na uzi mwekundu, hadi sakafu ikawa kama ya kinyozi aliyenyoa watu wenye nywele nyekundu. Asubuhi ilianza kwa vichekesho.

"Wewe bwana wa pasi," Shangazi alimwambia kaka yake. "Umenikanyaga."

"Samahani, bi mkubwa. Kwani unaishi mtaa huu?"

"Nimehamia karibuni. Majirani wabaya sana."

Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili kila mtu alikula kwenye kona yake, akiutazama ukuta, na chakula kikakosa chumvi kwa watu wote ingawa chumvi ilikuwamo. Siku ya tatu Fundi Redio alipata homa, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumshika paji la uso. Walipita mlangoni pake, wote kumi na wawili ukimtoa mkewe, mmoja baada ya mwingine, wakitembea polepole kuliko ilivyohitajika.

Na Bibi hakuelewa. Walimweleza asubuhi, akakubali, saa nne akasahau. Alikaa kwenye kigoda uani na kuwaita. Aliwaita wanawe kwa majina ya utotoni, wajukuu kwa zamu ya kuzaliwa, na walipokwisha akawaita waliokufa, na kati ya kila jina na jina alinyamaza kidogo, ameinamisha sikio, akiwapa muda wa kuitikia. Walijaza pamba masikioni. Baba Mkubwa, mwanamume mwenye mikono ya kunyanyua pasi za kilo nane, alipiga pasi shuka moja tangu asubuhi hadi saa tisa huku machozi yakidondoka juu ya chuma na kuchemka.

"Nimewakosea nini?" Bibi aliuliza hewani. "Wanangu, nimewakosea nini?"

Siku ya tano aliacha kula. Siku ya sita aliacha kuita. Hapo ndipo yule mwingine alipoanza, naye alianza kwa sauti ya Bibi, akaja kwa sauti ya marehemu babu, akaja kwa sauti ya mtoto mdogo anayeomba kufunguliwa mlango, na nyayo zilizokuwa sasa ndogo kama majani ya mpera zilizunguka nyumba nzima mchana kutwa, zikisimama kwenye kila kizingiti, zikiacha maji, zikiondoka, zikirudi, nao wameketi ndani kila mmoja peke yake, wameziba masikio kwa viganja juu ya pamba, hawatazamani, kwa sababu waligundua kwamba hata kutazamana kulikuwa kuitikiana.

Uchungu ulimshika Kitinda siku ya saba, saa mbili asubuhi. Saa tatu mkunga alikuwa amekunja mikono ya gauni, na nyumba nzima imesimama mlangoni na ukumbini kama watu waliokutana kituoni. Mama alikuwa miguuni pa kitanda. Mkunga alikuwa amemruhusu kushika taa tu.

"Sukuma, binti. Vizuri. Sasa pumzika."

"Nani yupo?" Kitinda aliuliza. Nywele zilimganda usoni. "Mbona hamsemi? Semeni kitu!"

Hawakusema. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa nzito hadi mkunga akauliza nani ameacha pasi.

"Mama," alisema Kitinda.

Mama akauma mtandio wake.

"Mama, kuna kitu si sawa. Naona giza. Mama!"

Shangazi alimshika Mama mkono kutoka nyuma, akaubana kwa ule mkono wake wenye vidonda vya moto, na wote pale walijua kwamba ilibaki misukumo miwili, labda mitatu, mtoto alie na yaishe, na wote walimtazama Mama kwa macho ya kumwomba avumilie, na Mama alivumilia mwito wa pili, na alivumilia wa tatu ambao haukuwa neno tena, na damu ilikuwa imeanza kumtoka mdomoni alipojiuma, hadi Kitinda, ambaye alikuwa amesahau mganga na shati na siku saba, ambaye alikuwa mtoto wa mwisho aliyelala na mamake hadi miaka tisa kwa kuogopa radi, aligeuza kichwa, akamtafuta kwa macho yasiyoona, akasema taratibu kabisa, "Mama, nakufa na wewe hutaki kunijibu."

"Abee!" Mama alipasuka. "Abee, mwanangu! Nipo! Nipo hapa!"

Hakuna aliyemlaumu. Mtu angemlaumuje?

Mtoto alitoka dakika ileile, kama aliyesukumwa mgongoni. Wa kiume. Mkunga alimgeuza, akamchapa, akamchapa tena. Hakulia. Alifungua macho, akamtazama Bibi mlangoni, kisha Baba Mkubwa, kisha Shangazi, akashuka hivyo kwa umri hadi mdogo wa mwisho, kama mtu anayehakikisha wote wapo. Kisha akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyepata kiti baada ya kusimama siku nzima.

Harufu ilitoweka. Chumba kilinuka sabuni tu.

"Nipeni," alisema Kitinda.

Walisimama.

"Nimesema nipeni. Ana baridi."

Mama ndiye aliyempokea kwa mkunga na kumlaza kifuani kwa binti yake. Mtoto alilipata ziwa bila kuonyeshwa, akaanza kunyonya. Kitinda alimtazama kwa muda mrefu, akampangusa sikio kwa kidole gumba.

Ndipo mtoto alipolia.

Wote walimtazama aliye kifuani. Mdomo wake ulikuwa umejaa, mashavu yakienda na kurudi.

Kilio kilitoka nje. Kilikuwa kilio cha kwanza, kile chembamba chenye kukwaruza, cha mtoto ambaye hajui bado kama hewa itatosha. Kilitoka dirishani, kikatulia kidogo, kikaanza tena mbele ya mlango wa uani.

Kitinda aliinuka kwa kiwiko. "Mwitikieni," alisema. "Anaita. Mbona mnasimama? Mwitikieni!"

Wakamwitikia. Wote kumi na watatu, kwa sauti zilizofungwa siku saba: abee, naam, njoo mwanangu, njoo mjukuu wangu, tupo, tupo hapa. Walifungua milango yote miwili na madirisha yote. Bibi aliita kwa jina ambalo hakuna aliyemwambia, labda alikuwa amemchagulia. Kilio kilifika kizingitini, kikagonga kitu ambacho hawakukiona, kikarudi nyuma. Kikaufuata ukuta. Kikatokea barabarani, ambako watu walikuwa wanakwenda kazini na hakuna aliyegeuza shingo.

Fundi Redio alinyakua taulo akatoka mbio, miguu mitupu, homa bado mwilini. Alikifuata hadi kwenye kona ya duka la vitambaa, hadi penye mfereji, hadi njia panda. Pale kilikuwa hafifu. Alisimama, taulo limefunguliwa mikononi tayari kupokea, akageukia kushoto, akageukia kulia, na lori la mchanga likapita kwa mngurumo mrefu, na lilipokwisha kupita alikuwa anasikia honi za magari na watu wakisalimiana.

Chumbani, yule mwingine alimaliza ziwa la kulia, akatafuta la kushoto, na Kitinda akamgeuza.